Uluru haukufungwa, iliyofungwa ni njia ya kupandia

Kuna picha isiyochakaa mitandaoni. Watu wamebanana juu ya mwamba mwekundu kama siafu, kila mmoja ameshikilia mnyororo, na chini yake mtu ameandika kwamba Australia imewafukuza watalii kwenye mlima wake maarufu. Picha yenyewe ni ya kweli, ya mwaka 2019. Yaliyopinda ni maelezo. Mwamba ule, yaani Uluru, uko wazi hadi leo, watu wanauzunguka kwa miguu na kwa baiskeli, na anayetaka kuuangalia ukibadilika rangi jua linapozama hazuiwi na yeyote. Kilichokoma tarehe 26 Oktoba 2019 ni kimoja tu: kuupanda.

Hapo huja swali la pili. Mbona Kilimanjaro unapandwa kila siku na hakuna anayelalamika? Ni swali la haki, na kulijibu inabidi kwanza tuwajue watu wenye mwamba, kisha tujue wanaumiliki kwa namna gani, maana umiliki wao si ule tuliouzoea wa kiwanja na hati mfukoni.

Tuanze na mahali. Uluru uko Northern Territory, yaani Eneo la Kaskazini, kipande cha Australia chenye kilomita za mraba zipatazo milioni 1.35. Chukua Tanzania, ongeza Uganda, Rwanda na Burundi, bado hujakijaza. Wakazi wake wote hawafiki 300,000, zaidi ya nusu wakiwa Darwin, mji wake mkuu, na viunga vyake, na zaidi ya robo ya wakazi wote ni Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia. Darwin yenyewe iko karibu zaidi na Jakarta kuliko Sydney.

Wanaopanga safari kwa kutazama ramani ndogo ya simu hudhani Uluru na hifadhi ya Kakadu, iliyo kaskazini upande wa Darwin, ni jirani. Kutoka Darwin hadi Uluru kwa barabara ni karibu kilomita 2,000, umbali unaozidi reli yote ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ukiianza safari hiyo kaskazini unaacha mikoko, mamba na mvua za radi. Ukifika kusini uko kwenye jangwa la mchanga mwekundu ambako usiku wa Julai maji huweza kuganda. Kwa hiyo mtu akisema "nakwenda kwa Waaborijini", muulize wa wapi.

Swali hilo ni la msingi kweli, kwa sababu Mwaborijini si kabila. Wazungu walipoanza kuhamia Australia mwaka 1788, barani humo zilizungumzwa lugha zaidi ya 250. Waanangu, ambao ndio wenye mwamba wa Uluru, wanaosema Kipitjantjatjara na Kiyankunytjatjara, wako mbali na Wayolngu wa Arnhem Land, pwani ya kaskazini, kwa lugha, chakula na sherehe, kama Mturkana alivyo mbali na Mmakonde. Neno "Mwaborijini" linawakusanya kama neno "Mwafrika" linavyotukusanya sisi: si uongo, ila halitoshi kumtambulisha mtu mlangoni.

Sasa tuje kwenye neno linalochanganya kuliko yote, lile linalotafsiriwa kwetu "wakati wa ndoto". Lilienezwa mwishoni mwa karne ya 19 na watafiti wawili, Baldwin Spencer na Francis Gillen, walipokuwa wakitafuta tafsiri ya neno la Waarrernte, wenyeji wa mji wa Alice Springs katikati ya Australia. Tafsiri ikashika, na tangu hapo wageni wanadhani wazee wa jangwani hulala, huota, kisha huamka na dini. Waanangu husema Tjukurpa, na husisitiza kwamba si habari ya usingizini.

Tjukurpa ni masimulizi ya viumbe wa mwanzo waliopita katika nchi iliyokuwa tambarare wakaiumba kwa nyendo zao. Walipopigana pakabaki ufa, walipopiga kambi pakabaki pango. Hapo hapo ni sheria: nani amwoe nani, nani ana wajibu na kisima kipi, nyama igawanywe vipi. Na ni ramani pia, kwa kuwa anayejua nyimbo zake kwa mpangilio anajua maji yako wapi katika nchi isiyo na mto. Changanya mila, shajara ya ukoo, hati ya shamba na ramani, vyote viwe vinaimbwa, hapo utakuwa umekaribia.

Aliyepita jando au unyago ataelewa lililobaki upesi kuliko msomaji wa Ulaya. Yanayofundishwa mle hayasemwi sokoni. Ya wanaume ni ya wanaume, ya wanawake ni ya wanawake, na mtoto akiuliza hupewa jibu la kiasi chake. Ndivyo ilivyo Uluru. Mwongozaji atakuonyesha kwenye ukuta wa mwamba alama alizoacha Kuniya, chatu wa kike, alipompiga Liru, nyoka wa sumu, kulipiza kisasi cha mpwa wake karibu na kisima cha Mutitjulu. Ni hadithi tamu na inatosha kwa picha. Lakini ile ni hadithi wanayoanza nayo watoto. Tabaka za chini zina wenyewe, na hakuna kiingilio kinachozinunua. Ndiyo maana ukizunguka mwamba utakuta vibao vinavyoomba usipige picha sehemu fulani. Watalii wengine hukasirika, maana ukuta ule hauna tofauti na ule wa jirani. Tofauti ipo: upande mmoja ni wa sherehe za wanawake, mwingine wa wanaume, na picha ikishapanda mtandaoni huonwa na asiyepaswa.

Njia ya kupandia ilipita papo hapo penye uzito. Kwa Waanangu ule ni mkondo wa wanaume wa Mala, mababu wanaohusishwa na kangaruu mdogo wa jina hilo, walipofika kwa sherehe yao. Hata Waanangu wenyewe hawapandi hovyo. Mwaka 1964 mnyororo ukapigiliwa mwambani ili mtalii ajivute, na kuanzia hapo ukawa mradi: panda, piga picha, shuka, nunua fulana. Mwamba una urefu wa mita 348 kutoka ardhini, mteremko wake ni mkali na joto la huko halina mzaha. Zaidi ya watu 30 wamefia pale katika miaka ya utalii. Wageni huliona hilo kama suala la usalama. Waanangu wanalo jambo la ziada: mgeni akifa nyumbani kwako msiba ni wako, hata kama ulimkataza. Halafu kuna jambo ambalo vipeperushi havikulitaja, nalo ni kwamba juu kule hakuna choo, na mvua ikinyesha maji hushuka visimani na kila alichokiacha binadamu.

Waanangu walikuwa na jina la wapandaji: minga, yaani sisimizi. Kumbe jicho lililowaona siafu pichani halikuwa la kwanza.

Hapa ndipo penye umiliki. Mwaka 1873 mpimaji William Gosse aliufikia mwamba akauita Ayers Rock, kwa heshima ya Sir Henry Ayers, kiongozi wa serikali ya South Australia wakati huo. Zaidi ya karne ikapita. Tarehe 26 Oktoba 1985 serikali ikawarudishia Waanangu hati ya ardhi, na siku hiyo hiyo Waanangu wakaipangisha kwa serikali kwa miaka 99 ili iendelee kuwa hifadhi ya taifa. Fikiria umedhulumiwa nyumba ya babu, unarudishiwa hati asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana aliyekudhulumu amesaini kuwa mpangaji wako. Ni ushindi, lakini wenye masharti. Kodi ya pango inalipwa kila mwaka pamoja na robo ya mapato ya viingilio, na katika bodi ya hifadhi yenye wajumbe 12, wanane ni wa Waanangu.

Kuna kitu kilichofichika nyuma ya tarehe hizo. Mwaka 1983 serikali ya Waziri Mkuu Bob Hawke ilipotangaza kurudisha mwamba, ilikubali pia kwamba upandaji utakoma. Hati ilipofika mezani sharti hilo likawa limeondolewa, na upangishaji wa miaka 50 uliozungumzwa ukawa wa miaka 99. Hivyo tunaposoma kwamba Waanangu "wamebadili msimamo" mwaka 2019, tunasoma habari kichwa chini miguu juu. Waliomba miaka yote. Waliweka vibao vya kuwasihi watu kwa upole, na upole ukafanya kazi: katika miaka ya 1990 wageni takriban watatu kati ya wanne walikuwa wakipanda, kufikia 2015 walikuwa asilimia 16. Mpango wa hifadhi ulikuwa umesema wapandaji wakipungua chini ya asilimia 20 njia inaweza kufungwa. Novemba 2017 bodi ikapiga kura, hakuna aliyepinga, na ikachagua siku ya kufunga kuwa ile ile ya Oktoba 26. Wale siafu wa pichani ni watu waliosikia duka linafungwa wakakimbilia bei ya mwisho.

Kuhusu Kilimanjaro, basi: wenyeji wa Kilimanjaro hawajasema usipandwe. Ukitaka mfano wa nyumbani ulio karibu zaidi, nenda kwenye kaya za Wamijikenda pwani ya Kenya. Nazo, kama Uluru, ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia, tangu 2008, na huingii humo kama uwanja wa mpira. Wazee ndio wanaokuelekeza upite wapi na uishie wapi.

Uluru na Kakadu ni vipande viwili vya habari kubwa zaidi ya kudai ardhi. Mwaka 1966 wafanyakazi Wagurindji, Waaborijini wa Northern Territory, katika ranchi ya Wave Hill, wakiongozwa na Vincent Lingiari, waliacha kazi. Wengi walidhani wanadai mshahara. Walikuwa wanadai nchi. Mwaka 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alimmiminia Lingiari mchanga mkononi kuashiria kurudishwa kwa ardhi, na mwaka 1976 ikapitishwa sheria ya haki za ardhi kwa Northern Territory. Leo karibu nusu ya eneo hilo, na sehemu kubwa sana ya pwani yake, ni ardhi ya Waaborijini chini ya sheria hiyo.

Ardhi hiyo ni ya aina gani? Neno letu lililo jirani nayo ni wakfu. Haiuzwi, hairithiwi na mtu mmoja, haiwekwi rehani benki ikapigwa mnada. Ipo kwa ajili ya waliopo na watakaokuja. Usiichanganye na ile haki nyingine iliyotokana na kesi ya Mabo ya mwaka 1992, ambamo Mahakama Kuu ilikubali kwamba wenyeji walikuwa na haki za ardhi kabla ya Wazungu, na ambayo watu huitaja kana kwamba ni kitu kile kile. Haki ya Mabo mara nyingi ni nyembamba: inafanana na haki ya kupita, kuwinda na kufanya tambiko kwenye shamba ambalo mwingine analifugia ng'ombe kihalali. Na kura ya maoni ya Oktoba 2023, ambayo takriban asilimia 60 ya wapiga kura walisema hapana, haikuhusu ardhi. Ilihusu kuunda chombo cha ushauri bungeni, na ilipoanguka hakuna hati hata moja iliyofutwa.

Kwa msafiri maana yake ni kibali. Ukitaka kuingia Arnhem Land, mashariki ya Kakadu, unaomba ruhusa kabla, na unaweza kunyimwa kwa sababu kuna msiba au sherehe. Wengine huita huo ubaguzi. Mimi naona ni kupiga hodi.

Kakadu yenyewe haihitaji kibali kirefu, ila tiketi na akili timamu mbele ya maji, kwa kuwa mamba wa maji chumvi, waliokaribia kumalizwa kwa risasi, wamelindwa tangu 1971 na sasa wamejaa. Hifadhi ina karibu kilomita za mraba 20,000. Wenyeji huitwa Bininj upande wa kaskazini na Mungguy kusini. Vitabu vya watalii husema kuna misimu miwili, wa mvua na wa kiangazi. Mtu wa pwani yetu anayejua kaskazi, kusi, masika na vuli hashangai kusikia kwamba Bininj wanahesabu sita. Banggerreng, mwezi Aprili, ni msimu wa dhoruba za mwisho zinazolaza majani marefu chini. Wurrgeng ni baridi, maji yanapungua na bata bukini hukusanyika kwenye mabwawa yaliyobaki. Kati ya hapo huwashwa moto mdogo mdogo wa mapema, ili baadaye usije moto mkubwa ukala kila kitu. Mtalii akiona moshi hudhani ni janga, kumbe ni usafi wa nyumba.

Michoro ya mapango ndiyo inayowavuta wengi. Huko Ubirr kuna samaki aliyechorwa mifupa na utumbo ukionekana, kuna mnyama aitwaye thailasini aliyetoweka bara hilo miaka elfu kadhaa iliyopita, na kuna mwindaji mdogo mwenye jina litakalomchekesha Mswahili: Mabuyu. Inasimuliwa kwamba mwenye tamaa alikata kamba yake akamwibia samaki. Mabuyu akasubiri wezi wapate kula, washibe, waingie pangoni kulala, kisha akaziba mlango kwa jiwe kubwa. Hawakutoka. Jina halihusiani na mabuyu tunayolamba, ingawa mbuyu nao una ndugu yake Australia, mti wa jamii moja unaoota upande wa magharibi wa eneo hilo. Na michoro hii si yote ya kale. Baadhi ya ile ya Burrungkuy, ambako pia yupo Namarrgon, mwenye radi, ilichorwa upya miaka ya 1960, kwa sababu kwa wenyewe ukuta ni daftari linaloendelea kuandikwa.

Hata huko mipaka hukosewa. Mwaka 2019 njia ya miguu ilijengwa karibu na mahali patakatifu pa Gunlom bila idhini inayotakiwa, na bwawa lake maarufu likafungwa kwa wageni. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Australia ikaamua kwamba hata mkurugenzi wa hifadhi za taifa anaweza kushitakiwa kwa kosa la namna hiyo.

Sasa yale ya vijiweni. Linalorudiwa sana ni kwamba hadi 1967 Waaborijini waliandikwa kisheria kuwa wanyama na mimea. Sheria ya namna hiyo haikuwahi kuwepo. Kilichokuwepo ni kifungu cha katiba kilichowaacha nje ya hesabu ya idadi ya watu, na kura ya maoni ya 1967, iliyopata karibu asilimia 91 ya ndiyo, ikakiondoa. Ukweli hauhitaji kuongezwa chumvi: watoto walinyang'anywa mama zao kwa amri ya maafisa, jambo ambalo bunge liliomba radhi mwaka 2008.

Lingine ni dijeridu, ile zumari ndefu ya mti uliochimbwa ndani na mchwa. Wageni huinunua Alice Springs wakidhani ni ala ya jangwani. Asili yake ni kaskazini. Wayolngu huiita yidaki. Michoro ya nukta nayo, inayoonekana ya tangu na tangu, ilianza kuhamia kwenye mbao na turubai mwaka 1971 kule Papunya, kijiji cha jangwani, na moja ya kazi za nukta ikawa kuyafunika yale yasiyopaswa kuonwa na kila mtu. Unaponunua, uliza nani amechora na anatoka wapi. Mwaka 2019 kampuni moja ilipigwa faini ya dola milioni 2.3 za Australia kwa kuuza kama sanaa ya Waaborijini bidhaa zilizotengenezwa Indonesia.

Lipo moja linalotuhusu sisi. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliokota sarafu tisa ufukweni mwa Marchinbar, katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa. Kutoka hapo wapo waliohitimisha kwamba Waswahili waliigundua Australia. Pole pole. Sarafu husafiri bila mwenyewe; Wareno walioipora Kilwa mwaka 1505 wangeweza kuzibeba, au wafanyabiashara wa Kiasia, au jahazi lililozama. Zinachothibitisha ni kwamba pwani ile haikuwa imejifungia. Mabaharia wa Makassar, kutoka Sulawesi, walikuja kwa pepo za msimu kuvua jongoo bahari hadi serikali ilipowazuia mwanzoni mwa karne ya 20. Waliacha mikwaju, ambayo bado imesimama, na waliacha maneno. Wayolngu huita fedha rrupiya, na Mzungu humwita balanda, kutokana na Mholanzi.

Tukirudi mwambani, kwenye ofisi za hifadhi hufika vifurushi kwa posta kutoka nchi mbalimbali. Ndani yake mna mawe na mchanga vilivyochukuliwa Uluru kama kumbukumbu, na barua za kuomba radhi. Wengine hueleza mikosi iliyowaandama tangu waliporudi nyumbani, wengine dhamiri tu. Wafanyakazi huyaita mawe ya samahani. Kuyarudisha mahali pake ni kazi isiyowezekana, kwa kuwa walioyachukua mara nyingi hawakumbuki waliyaokotea wapi.